Mrejesho: yule msaidizi wangu aliyeko Ufilipino

Wakuu, niliwauliza kama naweza kuendelea kumlipa msaidizi wangu wa Ufilipino kama mtu wa kujitegemea, kwa ankara ya kila mwezi. Mkaniambia kama mimi ndiye ninayempangia saa na namna ya kufanya kazi, basi huyo ni mwajiriwa. Mlikuwa sahihi, nawashukuru sana.

Sina kampuni kule, hivyo nimepitia wakala anayeajiri kwa niaba yangu. Muda wake wa majaribio kazini ni miezi 6. Msaidizi alinitumia picha ya slipu yake ya kwanza ya mshahara, yenye makato ya mifuko ya kule: SSS ya pensheni, PhilHealth ya matibabu, Pag-IBIG ya nyumba, na pembeni mchango wangu wa mwajiri. Miaka 2 hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na aliyemnyima ni mimi. Imeniuma.

Halafu kuna mshahara wa mwezi wa 13. Ni sheria tangu 1975, si zawadi: unajumlisha mishahara ya msingi ya mwaka huo, unagawa kwa 12, unalipa mwisho Desemba 24. Mkataba wake umeanza Julai, kwa hiyo atapata nusu mshahara. Nimeshaitenga.

Ile miaka 2 ya nyuma bado tunaizungumza, nataka nimfidie.