PS4 Slim ya mtumba, Xbox Series S, Steam Deck ya mkononi au kompyuta ya ofisi: ipi inafaa nyumba ya bando na LUKU?

MwanaChumbageni (Tanga)
Wakuu, habari za jioni. Nataka mashine moja ya gemu ya kukaa sebuleni. Watumiaji ni mimi nikitoka kazini usiku, na wadogo zangu wawili mwisho wa wiki. Wao ni mpira tu, padi mbili, kelele mpaka jirani anajua nani kafungwa. Mimi napenda gemu za hadithi, za kucheza peke yangu taratibu.

Bajeti ni laki saba, nikijikaza laki nane. Intaneti yangu ni bando la simu. Umeme hukatika ghafla, hasa msimu wa mvua. Nimebaki na hizo nne hapo juu. Nimetazama video nyingi za ulinganisho, zote zinahesabu fremu kwa sekunde na uzuri wa picha, hakuna hata moja inayogusa bando. Naombeni mawazo ya watu wanaoishi kama mimi.

Fundi_Temeke (Dar)
Mkuu, kwa mtu wa bando swali la kwanza ni diski. PS4 Slim, iliyotoka 2016, ina mlango wa diski. Xbox Series S, iliyotoka Novemba 2020, haina kabisa. Maana yake kila gemu utakayoicheza kwenye Series S lazima ipite kwenye bando lako. Gemu kubwa siku hizi inafika GB 50 bila shida, na ziko zinazopita 100. Piga hesabu ya vifurushi, kisha fikiria umeifuta kwa sababu nafasi imejaa na mdogo wako anaitaka tena.

Na nafasi inajaa kweli. Series S ya GB 512 inakuachia GB 364 tu za kutumia. Ukichomeka diski ya nje ya USB, gemu za kizazi cha Series unaweza kuzihifadhi humo lakini huwezi kuzichezea humo, mpaka uzirudishe ndani.

PS4 unanunua diski iliyotumika Kariakoo au kwa mtu mtaani kwako, ukiichoka unabadilishana na mwenzio. Ukiiacha mashine nje ya mtandao, gemu nyingi zinacheza toleo lililomo kwenye diski bila kukudai apdeti.

Kizingo_Gamer (Mombasa)
Namheshimu fundi, ila ajue anapendekeza mashine ya kizazi cha 2013. Mimi nina Series S, nina faiba nyumbani, na siirudii PS4 hata kwa bei ya bure. Gemu inafunguka kabla sijakaa vizuri. Haina kelele na ni ndogo, naibeba kwenye mkoba nikienda kwa binamu yangu Likoni.

Tena kuna suala la kesho. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee. Gemu za hadithi unazozipenda ndizo zinazoiacha PS4 kwanza. Mpira wa kila mwaka bado unatoka huko, FC 25 ilitoka kwenye PS4, lakini ukitaka mambo mapya utabaki mtazamaji.

Fundi_Temeke (Dar)
Kizingo, kwenye faiba nakubaliana nawe kabisa. Mwenye faiba asome ujumbe wako aache wangu.

Kuhusu kufunguka polepole, hilo lina dawa. Diski ngumu ya PS4 Slim ni ya kawaida ya laptopu, inchi 2.5 SATA. Unatoa kifuniko kidogo cha pembeni nyuma, skrubu moja, unaweka SSD, yaani diski ya kasi. Mfumo unaupakua kwenye kompyuta, faili lake la usakinishaji kamili ni kama GB 1, unaliweka kwenye flashi ndani ya folda PS4 kisha UPDATE, unachomeka. Haifikii kasi ya Series S, hilo nasema wazi, ila unaona tofauti siku hiyohiyo. Faida nyingine ni kwamba SSD haina sahani inayozunguka, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla hofu inapungua.

bi_kompyuta (Dodoma)
Kaka wa Tanga, mbona kompyuta ya ofisi haina wa kuitetea? Mimi naitetea kwa moyo wote, na sababu yangu kubwa ni hilohilo bando.

Tangu 2023 Steam, duka la gemu za kompyuta, ina uwezo wa kuhamisha gemu kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani. Gemu inakwenda moja kwa moja kutoka mashine hadi mashine, haipiti intaneti. Unamtafuta rafiki mwenye faiba, anapakua, unakwenda na kompyuta yako kwake mnaziunganisha, unarudi na GB 80 ambazo hujazilipia bando. Kila mtu awe na gemu hiyo kwenye akaunti yake, bila shaka. Usipoweza kubeba kompyuta, iko njia ya kutengeneza nakala kwenye diski ya nje na kuirudisha kwako. Bado kutakuwa na apdeti ndogo mwishoni, lakini ndogo.

Ununuzi wenyewe una mitego yake, na humo ndimo watu wanapoumia. Zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyembamba zinazoletwa kama mitumba zina pawasaplai ndogo ya aina yake, huwezi kuibadilisha kwa ya kawaida. Kwa hiyo kadi ya picha lazima iwe fupi kwa kimo (low profile) na isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. GTX 1650 fupi inafaa, inakula wati 75 zote kutoka kwenye bodi. Wauzaji watakusukumia RX 6400 kwa sababu nayo ni fupi na inakula kidogo zaidi, lakini ile hutumia njia nne tu za PCIe, ile nafasi ya kuchomeka kadi kwenye bodi, na kwenye bodi za zamani za PCIe 3.0 inapoteza nguvu nyingi. Na angalia prosesa: Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiona i5-6500, ambayo ni ya kizazi cha 6, kwa bei nzuri sana, hiyo ndiyo sababu.

Padi za PS4 zinafanya kazi kwenye Steam kwa waya au kwa Bluetooth. Mchana kompyuta hiyohiyo ni ya shule na ya kazi.

Mwanafunzi_Deck (Nairobi)
Salamu kutoka Nairobi. Naongea kuhusu Steam Deck kwa sababu ninayo na naipenda sana.

Stima ikipotea, Deck haijui. Ile ya kwanza ya 2022 ina betri ya Wh 40, ya OLED iliyokuja Novemba 2023 ina Wh 50. Valve wanasema saa 2 hadi 8 kwa ya kwanza, na gemu nzito iko upande wa 2. Ukibonyeza kitufe cha kuzima inalala, ukibonyeza tena unaendelea palepale ulipoachia, hata kama ulikuwa katikati ya pigano. Kwa mtu wa gemu za hadithi usiku, sijaona kitu kizuri kuliko hicho. Malipo natumia kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa, ile iliyoanza hapa Kenya 2022, na inapita.

Sasa, MwanaChumbageni, kwa ajili ya wale wadogo usiinunue. Deck inaendeshwa na Linux, na FC za karibuni zina kinga ya udanganyifu isiyokubali Linux. FC 25 haifunguki. GTA Online pia ilifungwa Septemba 2024 kwa sababu kama hiyo, hadithi ya GTA V tu ndiyo inacheza. Na kwa laki nane sioni ukiipata ikiwa na hali nzuri.

MjombaMaskati (Muscat)
Assalaam alaykum. Hapa hajagusa mtu suala la akaunti. PlayStation inapofungua akaunti inauliza nchi. Tanzania haimo kwenye orodha, Kenya haimo. Oman imo. Ndugu zangu wa Unguja wengi wana akaunti za nchi ambako wana jamaa wa kuwanunulia kadi za zawadi, kwani kadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Fikiri kabla ya kuchagua, nchi haibadilishwi baadaye.

Diski za PS4 zenyewe hazina mipaka, diski ya Muscat inacheza Tanga. Lakini vitu vya kununua ndani ya gemu vinafuata eneo la diski. Wadogo zako wakitaka kununua vifurushi vya wachezaji kwenye mpira, diski ya eneo moja na akaunti ya eneo jingine haviungani. Wengi hulijua hili wameshalipa.

Kizingo_Gamer (Mombasa)
Mjomba kasema kweli. Kwa orodha ya nchi Xbox ni vivyo hivyo, nchi zetu hazimo.

MwanaChumbageni (Tanga)
Nashukuruni sana, hata nilivyokuwa naliona jambo hili kumebadilika. Maswali mawili: LUKU itaumia kiasi gani, na UPS ndogo ya dukani inatosha? Halafu padi. Zilizopo mitaani zote ama kijiti kinatembea chenyewe au tundu la kuchaji limelegea.

Fundi_Temeke (Dar)
PS4 Slim ikicheza inakula wati 80 hivi, TV ya LED ya inchi 32 kama 50. Jumla 130. Uniti moja inakupeleka zaidi ya saa saba. UPS ya VA 650 inatosha vizuri, itakupa dakika kumi hadi ishirini betri ikiwa nzima, nazo ni za kuhifadhi na kuzima. Siku ikizimika ghafla na ikagoma kuwaka vizuri, shikilia kitufe sekunde saba hadi mlio wa pili, chagua kujenga upya databesi. Haifuti gemu zako.

Padi ya PS4 hutumia tundu la micro-USB, na hilo hulegea kwa kuvutwavutwa. Wadogo wasicheze huku inachaji. Kijiti kutembea kunatokana na kipimo kilichomo ndani kinachosuguana na kuchakaa, karibu padi zote za bei ya kawaida ni hivyo. Fundi mzuri anabadilisha kipande hicho peke yake, huna haja ya padi mpya.

bi_kompyuta (Dodoma)
Na ile taa ya mbele ya padi ipunguze mwanga kwenye mipangilio ya vifaa. Usiku inaakisi kwenye skrini na inakera.

MwanaChumbageni (Tanga)
Nimeamua. PS4 Slim sasa hivi kwa ajili ya mpira na diski za kubadilishana, SSD mwezi ujao. Kompyuta ya dada wa Dodoma ndiyo naanza kuiwekea akiba, kwa ajili yangu. Deck nimeipenda ila itasubiri. Fundi, dukani niangalie nini?

Fundi_Temeke (Dar)
Nenda na diski yako mwenyewe. Kwenye lebo ya mashine usome CUH ikifuatwa na namba inayoanza na 20, 21 au 22, hiyo ndiyo Slim. Angalia tundu la HDMI kwa tochi ya simu, pini zikiwa zimepinda achana nayo. Ingiza diski, itoe, ingiza tena. Cheza dakika ishirini bila kuondoka, sikiliza feni: ikipanda na kubaki juu, vumbi limejaa au pesti ya kupooza prosesa imekauka, omba punguzo la kuihudumia. Jaribu kila kitufe cha padi na vijiti vyote viwili. Mwombe muuzaji aondoe akaunti yake na kuirudisha mashine kama mpya mbele yako. Muuzaji asiyetaka kuiwasha zaidi ya dakika mbili, mshukuru uende duka linalofuata.