Chumba cha handaki la upepo kimejengwa kama stoo, na sasa tunaambiwa tuvumilie

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya uhandisi mitambo katika chuo kikuu ambacho sitakitaja. Miezi minne iliyopita niliipelekea ofisi ya majengo michoro ya handaki letu la upepo, yaani mashine ya kupulizia hewa vielelezo kama bawa ili kupima nguvu zinazovisukuma, pamoja na kurasa tatu za mahitaji ya chumba. Jana nimekabidhiwa funguo za chumba kilichopakwa rangi vizuri, chenye marumaru zinazong'aa, na kisichofaa kabisa kwa kazi iliyokusudiwa.

Handaki letu ni la aina ya wazi: feni iliyo mkiani huvuta hewa ya chumbani, huipitisha kwenye sehemu ya majaribio, kisha huitoa chumbani humo humo ili izunguke na kuingia tena mdomoni. Chumba, kwa hiyo, ni nusu ya mashine yenyewe. Jambo hili halikugunduliwa juzi. Gustave Eiffel, mhandisi wa ule Mnara wa Eiffel, alipohamishia maabara yake Auteuil, Paris, mwaka 1912, ukumbi ndio uliokuwa njia ya hewa kurudi. Nilipopima kwa futikamba, nikakuta mdomo wa handaki letu utakuwa sentimita 70 tu kutoka ukutani, na ubavuni mwake imesimama nguzo ambayo haikuwemo kwenye mchoro nilioletewa. Hewa ikiingia imevurugika kiasi hicho, sega (vijitundu vya kunyooshea hewa) na nyavu za mdomoni haziwezi kuinyoosha yote, na mwanafunzi atakayedhani anapima nguvu inayolinyanyua bawa atakuwa anapima makosa ya mjenzi.

Umeme nao ni wa fezi moja, ilhali mota ni ya fezi tatu. Nilipouliza, nikajibiwa tutafute mota ndogo! Nguvu inayohitajika hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, yaani ukitaka kasi maradufu utahitaji nguvu mara nane, na hakuna kikao kinachoweza kulibadilisha hilo. Sakafu ya feni, niliyoomba itenganishwe na ya darasa la jirani ili mtikisiko usifike kwenye mizani ya kupimia nguvu hizo, imemwagwa zege moja na hilo darasa.

Mlango ni finyu, huo utabomolewa. Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyenipigia simu kabla zege halijamwagwa, na namba yangu ilikuwa juu ya kila ukurasa. Hati ya makabidhiano iko mezani kwangu, na sitaitia saini mpaka sakafu ikatwe na umeme uvutwe upya.