Kigari cha gofu kinaisha chaji mapema Julai hii, ni baridi ya kusi?

DerevaMikindani: Wakuu habari za asubuhi. Niko Mikindani, Mtwara, naendesha kigari cha gofu cha umeme hotelini, nabeba wageni na mabegi toka getini mpaka ufukweni, kina betri sita za volti 8 zile za kujaza maji. Mwezi wa nne nilikuwa napiga trip 20, sasa tangu kusi lianze kuvuma nikifika ya kumi kinakata moto mchangani nasukuma na begi la mgeni juu. Bosi kasikia baridi inamaliza betri, kasema tusubiri joto lirudi. Mi roho haitulii kabisa.

FundiWaya: Baridi inapunguza nguvu kweli, asidi inafanya kazi taratibu. Ila angalia kiasi: betri inayotoa 100 kwenye nyuzi 25, kwenye 0 inatoa kama 80, na kwenye -18 huko Kanada ndo inabaki karibu nusu. Mtwara Julai usiku ni nyuzi 19 au 20 hivi, hapo trip moja tu ndo inapotea. Wewe umepoteza kumi, kuna kingine kinakula. Fungua vifuniko uangalie maji, pima kila betri peke yake, na safisha vichwa vya betri pale waya zinapofungwa maana chumvi ya bahari inavila vibaya, mwagia magadi na maji ya moto kisha paka grisi.

Mngoyo: Nilikaa Makete miaka miwili, kule asubuhi unakuta sakitu nyeupe kwenye majani. Hatukulaza betri tupu, yaani iliyoisha chaji, hata siku moja, kwa sababu tupu ndo inaganda upesi, iliyojaa haigandi. Sisi huku adui yetu ni joto, nyuzi zikipanda kama 10 umri wa betri unakatika nusu. Kwahiyo kusubiri joto ni kuzimalizia jamani.

DerevaMikindani: Nimepima. Tano zina volti 8.4, ya nne kutoka mbele ina 6.3 na pleti zake, yale mabamba ya ndani, zimekauka zinaonekana 😔

FundiWaya: Hiyo imekufa selo moja, yaani chumba kimoja kati ya vinne vya ndani. Usichaji tena hivyo, chaja inazizidishia zile tano mpaka zinachemka. Tafuta nyingine ya umri uleule, mpya kabisa itavutwa chini na wenzake. Na maji ni ya betri, ya kisima hapana, jaza baada ya kuchaji, ila pleti zikiwa wazi zifunike kwanza.