Pomboo wa Kizimkazi akikutana na wa Afrika Kusini wataelewana kweli?

mgeni_wa_Kizimkazi
Habari zenu wadau. Wiki iliyopita nilienda Kizimkazi, Zanzibar, na mashemeji zangu, tukapanda boti alfajiri kwenda kuwaona pomboo, nikavaa miwani ya kuzamia nikaingia majini na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia kabisa kimluzi chembamba kinapanda kinashuka, halafu kingine mbali kidogo kinajibu, nikasahau hata kuvuta pumzi. Nahodha akasema kila pomboo ana wake, kama jina. Sasa kuna jamaa yangu yuko Afrika Kusini anasema kule nako wapo wa aina hiyohiyo. Swali langu: wa kule na wa hapa wanapiga mluzi mmoja au kila mji na wake? Wakikutana itakuwaje?

chumvi_tupu
Kwani watu si hivyohivyo? Mtu wa Makunduchi akikubwagia Kikae chenyewe hata mtu wa Mjini anabaki mdomo wazi, na hapo ni kisiwa kimoja. Pomboo nao watakuwa na Kikae chao na Kiamu chao 😂 Halafu kwetu wazee wanasema mbinja, si mluzi, tusiuache mbali msamiati wetu.

fundi_sauti
Mkuu nahodha wako yuko sawa kabisa. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani, Melba na David Caldwell, ndio waliogundua kwamba kila pomboo ana mluzi wake anaourudiarudia. Mtoto anautunga mwenyewe akiwa bado mdogo, hapewi na mama kama sisi tunavyopewa majina. Mwaka 2013 wakina Stephanie King na Vincent Janik waliwachezea pomboo wa pwani ya Scotland sauti zilizotengenezwa na kompyuta zikiiga miluzi yao, na kila mmoja aliitika ukipigwa wa kwake, wa mwingine anaupuuza.

Sasa kuhusu miji na miji. Tofauti ipo, ila usiifikirie kama maneno tofauti. Ukirekodi miluzi mia kadhaa hapa na mia kadhaa kule, halafu upime inaanzia juu kiasi gani, inaishia wapi, inajipinda mara ngapi, inachukua muda gani, utakuta wastani wa hapa si wastani wa kule. Kwa ujumla kundi la jirani linafanana zaidi na la jirani yake kuliko la mbali. Lakini mluzi mmoja mmoja ukiusikia huwezi kusema huyu wa Kizimkazi huyu wa Plettenberg Bay kule Afrika Kusini. By the way swali lako si la kuchekesha, mwaka 2012 ulitoka utafiti uliotumia rekodi za Zanzibar na Plettenberg Bay, pomboo wa aina ileile, kwa hiyo kuna watu waliokuwa wanawaza kama wewe.

Angalizo moja: Kizimkazi kuna aina mbili, hao uliowaona sanasana na wale wenye nundu mgongoni. Usije ukalinganisha video ya aina nyingine ukasema lafudhi, hiyo ni kama kulinganisha mbuzi na kondoo.

mtu_wa_Shimoni
Mimi nipo Shimoni, pwani ya Kenya, pale ukivuka unaenda Wasini, na maboti ya watalii yakianza kulia asubuhi hata mimi juu simsikii mwenzangu. Hao walio chini wanasikilizana vipi? Au wanapandisha sauti kama sisi sokoni?

fundi_sauti
@mtu_wa_Shimoni ndiyo, na hapa ndipo panaponoga. Huko Maryland, Marekani, watafiti walikuta 2018 kwamba meli zikipiga kelele pomboo wanapandisha mluzi juu na kuurahisisha, ile mipindo ya jina inapungua. Kelele za meli ni za chini, nzito, kwa hiyo ukipanda juu unasikika. Ila ni kama kumwita mtu jina lake nusu, unampata lakini umepoteza kitu.

Lakini Japani mtafiti Morisaka na wenzake, 2005, walilinganisha makundi matatu ya aina hiihii ya Kizimkazi, na mahali penye kelele nyingi zaidi pomboo walikuwa na miluzi ya chini zaidi, iliyonyooka. Kinyume na Maryland! Sauti ya juu hufifia mapema majini kuliko ya chini, kwa hiyo kila mahali wana hesabu yao. Anayekuambia kelele daima zinapandisha sauti anakudanganya.

Na si kelele tu. Mediterania mwaka 2022 walikuta wanaoishi penye nyasi bahari wana miluzi mikali kuliko wa penye matope, yaani sakafu ya bahari inaingia kwenye jina. Vinasaba vilikuwa na mchango mdogo kuliko mazingira. Hapo ndipo nilipoacha kusema "lafudhi", maana lafudhi unajifunza kwa bibi yako, hii unafunzwa na maji.

chumvi_tupu
Ila mtoto akizaliwa penye nyasi akasikia wenzake ndio anatunga lake, si bado anajifunza kwao? Naona unapasua nywele tu mzee.

fundi_sauti
@chumvi_tupu hapo umenibana kidogo, kweli anasikia wenzake na anayatumia anayoyasikia, basi sema vyote viwili. Kuhusu wakikutana, nitasema hivi: pomboo anaweza kuiga mluzi wa mwenzake ili amwite, kwa hiyo wa mbali akija atakuwa jina jipya tu, si lugha ngeni. Kuna pomboo wa mabwawani waliachana zaidi ya miaka 20 na bado walikumbuka miluzi ya wenzao.

mgeni_wa_Kizimkazi
Shukrani sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Nikirudi mwezi wa 12 nitamwomba nahodha azime injini nusu saa tusikilize tu.

mtu_wa_Shimoni
Atakuzimia, ila mafuta utalipa yaleyale 😂