Elite Dangerous: mwamba umeandikwa "High" lakini nimechimba usiku kucha nimepata tani 9, nakosea wapi?

mawe_ya_maweni:
Asalam aleikum wakuu. Niko Malindi, nakaa Maweni halafu mawe ndo yamenishinda haha. Nina wiki tatu kwenye hii gemu ya meli za angani, nimejinyima nikanunua meli ya Type-6 nikaifunga leza mbili za kuchimbia, prospekta (limpeti ya kupima mwamba una nini) na kontrola ya limpeti za kuokotea, vile vidroni vidogo vya kuleta vipande melini. Jana baada ya isha nikaingia kwenye pete ya mawe inayozunguka sayari nikaanza kazi, stima ikapotea ikarudi, nikaendelea mpaka naskia adhana ya alfajiri nna tani 9. Tisa wallahi! Na sikuchagua ovyo, pete nliipiga skana ikanionyesha painaiti, yale madini nayoyataka, 3, ile ya jirani ilikuwa 1 nikaiacha. Kila mwamba narushia prospekta kwanza, ikija "Low" napita, nachimba ile ya "High" tu. Sasa hiyo High inanipa bertrandaiti na takataka zengine, painaiti kiduchu. Kwa ramani nliona pete yenyewe imeandikwa akiba "Low" lakini nikasema si kitu maadam mwamba ni High. Na limpeti nazo zaokota kipande kimoja zinakufa. Nisaidieni kabla sjauza hii meli.

nahodha_mkomani:
Waleikum salaam kaka. Usiuze meli. Meli haina makosa, we umesoma vibao tofauti ukadhani vyasema jambo moja.

Hiyo High ndo imekuponza zaidi. Ule mstari wa prospekta hauhusu painaiti hata chembe, ni wa zile malighafi kama chuma, nikeli, kaboni, salfa, ambazo wapelekewa mainjinia wakuboreshee meli. Haziingii kwa kago wala haziuzwi sokoni. Kwa hiyo mwamba unaweza kuwa High na painaiti hamna, na mwengine ukawa Low na painaiti kibao, yaani inawezekana usiku kucha umekuwa ukiyaruka mawe mazuri. Pole sana lakini nimecheka.

Fungua mato uangalie chini ya hapo kuna orodha ya madini na asilimia zake, hiyo ndo ya kusoma. Ukiona painaiti 30 na ushei kaa hapo uchimbe, ukiona 5 au 6 ondoka hata limpeti ishatumika. Vile vipande vikiingia vinajaza kapu la kusafishia kidogo kidogo, kapu likifika 100 ndo wahesabiwa tani moja, sasa mwamba wa 6 utalijaza lini?

Halafu hiyo 3 ya skana si nguvu, ni idadi. Ni hotspoti tatu, yaani sehemu za kukutana zaidi na painaiti, katika pete hiyo basi. Sawa na mtu akwambie huku Lamu kuna miamba mitatu wavua changu, amekutajia miamba, hajakutajia samaki. Pengine hiyo ya 1 uliyoiacha ndo ilikuwa bora, uliangalia akiba yake?

mawe_ya_maweni:
Ya Rabbi. Nshaangalia sasa hivi. Ile ya 1 ni "Pristine" 😭

nahodha_mkomani:
😂😂 Haya. Akiba za pete kutoka chini kwenda juu ni Depleted, Low, Common, Major, Pristine. Wewe ulikuwa ngazi ya pili kutoka chini. Hotspoti inakuzidishia nafasi ya kukutana na mawe yenye painaiti, lakini hayo mawe yatakuwa yamejaa kiasi gani hilo liko kwa akiba ya pete. Vyote viwili vyahitajika. Na aina ya pete pia, painaiti na platinamu nenda zile za "Metallic", za barafu waachie wanaotaka tritiamu na zile almasi za baridi.

kasa_254:
mi naona akiba mwaikuza bure, tafuta mahali hotspoti mbili zimepandana tu umalize maneno

nahodha_mkomani:
Zikipandana ndani ya pete ya Low zimepandana juu ya ufukara bro. Kwa leza nimejaribu kote kuwili, sirudi Low.

mawe_ya_maweni:
Swali la kijinga, hizo Low ni kwamba wachezaji wameshazimaliza? Nikichimba Pristine sana itashuka?

nahodha_mkomani:
La, imewekwa hivyo na waliotengeneza, hata mkija Malindi nzima haishuki. Kinachoisha ni mwamba mmoja mmoja, ndo ile asilimia ya kilichobaki unaiona inashuka ukiupiga leza. Pristine nyingi ziko mifumo ya nyota isiyokaliwa na watu kwa hiyo jaza limpeti za kutosha kabla hujatoka, huko hakuna duka.

fundi_limpeti:
Hilo la limpeti kufa nalijua, bila shaka wakilenga kipande kwanza ndo waituma. Ukilenga inaenda kuleta hicho hicho kisha kwaheri. Usilenge kitu, rusha hivi hivi itaokota yenyewe moja baada ya nyengine mpaka muda wake uishe. Na kontrola yako ni namba ngapi? Ukubwa wa 1 inaendesha limpeti moja, wa 3 mbili, wa 5 tatu. Namba ni ukubwa, herufi ni ubora, A ndo bora na D ndo nyepesi kwa uzito. Wengi wadhani ni E ndo nyepesi, ile ni rahisi tu.

mzee_ngomeni:
Vijana mwanifurahisha. Mimi ni wa Ngomeni, pale palipokuwa pakirushwa roketi baharini, ile setilaiti ya Uhuru iliruka hapo tarehe 12 Desemba 1970, na leo wajukuu wachimba mawe ya angani kwa laptopu.

Naongezea moja kwa sababu ilinitia hasara. Kuna High nyengine, iko kwa zile "Resource Extraction Site", sehemu za kuchimbia ndani ya pete. Hiyo ikipanda jua na maharamia wamezidi, na ikiwa "Hazardous" askari hawaji kabisa. Niliingia na kago tele nikiona ni neema, nikatoka na kapsuli ya kujiokolea tu. Na ukienda kuuza tazama mahitaji ya stesheni, usimwage mzigo mkubwa pahala wanapotaka kidogo, bei inaanguka kama nguru siku ambayo mashua zote zimerudi zimejaa.

mawe_ya_maweni:
Shukran mzee wangu. Nahodha, nimeenda ile Pristine. Mwamba wa kwanza "Low" nikataka kuuruka kwa mazoea, nikarudi kusoma chini: painaiti 34. Limpeti sjalenga kitu, zaenda zarudi zenyewe kama siafu. Kwa masaa mawili tani 38, kisha stima ikapotea tena.

kasa_254:
kago iko?

mawe_ya_maweni:
Imerudi sasa hivi. Iko yote 38. Pete yenyewe waitafuta wewe ama?

kasa_254:
nitumie inbox 🙈