Majoka yanaunguza vijiji, wewe unatafuta misumari: ujenzi una kazi gani kwenye gemu za stori?

Chalii wa Sakina: Wakuu, hili linanikera. Mfalme kauawa, majoka yanaunguza vijiji, halafu shujaa mzima nachimba udongo nijenge nyumba. Gemu ya Skyrim ya 2011 ilikuwa safi, wakaongeza nyongeza ya kujenga nyumba, Hearthfire, 2013, nikamaliza wikiendi nzima nasaka chuma cha kufulia misumari. Misumari! Kwangu ujenzi ubaki kwenye gemu za ujenzi. Mnaonaje?

Mangi wa Pasua: Hearthfire ni ya 2012. Halafu hailazimishi mtu. Kuna viwanja vitatu, usiponunua stori inaendelea kama kawaida. Umenunua mwenyewe, unamlilia nani?

Chalii wa Sakina: Kwenye PS3 ilifika 2013, usinifundishe.

Mama Wawili: Mimi majoka niliyaacha kabisa, nilikuwa nacheza nyumba. Niliasili watoto wawili, siku moja narudi toka kupigana, mmoja kaniletea mbweha anaomba amfuge. Hiyo nayo si stori?

Chalii wa Sakina: Hiyo ni kulea, dada. Ila Mangi simshangai kutetea. Nyie wa Moshi ndio wenye huu ugonjwa. Mtu anamwaga zege Rombo mwaka mzima, vyumba sita, wanalala popo. Anaingia Krismasi, mwaka mpya kashaondoka.

Mangi wa Pasua: Aisee. Kwanza mimi wa Kibosho, si Rombo. Pili, ile nyumba iko kwenye kihamba, shamba la ukoo, babu kalala hatua kumi kutoka mlangoni. Wewe mpangaji wa Sakina umezika nini hapo?

Mzee wa Pad: Na hapo Arusha kwenu kuna Kwa Mrombo. Huyo Mrombo alikuja kupanga?

Mama Wawili: 😂😂 Chalii jibu hilo.

Mzee wa Pad: Turudi kwenye mada. Baldur's Gate II ya 2000: ukiwa mpiganaji, unasafisha ngome iliyovamiwa na matroli, yale mazimwi, ukimaliza unakabidhiwa. Ukiwa mwizi, unapewa genge lako la wezi. Hukufyatua tofali hata moja, ila ngome ni yako kwa sababu stori ndiyo imekufikisha pale. Na ukishaipata, shida za watu wa pale zinakuwa zako. Naona ndiyo dawa ya hili tatizo.

Chalii wa Sakina: 2000 mimi nilikuwa chekechea. Na mimi si mpangaji, nani kasema napanga?

Fundi Msafi: Mimi nimepaua nyumba Marangu, mwenyewe yuko Dar, hela inakuja kwenye simu. Hajawahi kuona hata kenchi moja, lakini kila jioni anataka picha. Msiwacheke hawa watu. Hata humo Hearthfire unaajiri msimamizi, wewe unaenda zako.

Dogo Majengo: Dragon Age: Inquisition nayo ina ngome, ile ya 2014.

Mangi wa Pasua: Pale unachagua mapazia na kiti cha enzi, dogo. Hiyo ni kupamba.

Dogo Majengo: Si unakaa kwenye hicho kiti unahukumu wafungwa? Kumhukumu mtu niliyepigana naye jana ilinigusa kuliko vita yenyewe.

Mama Wawili: Iliyonishinda ni Pathfinder: Kingmaker, 2018. Ufalme ukianguka, gemu imekwisha. Niko katikati ya pori nasaka adui, inabidi nirudi kusikiliza washauri.

Mzee wa Pad: Kuna sehemu ya kuuachia ufalme ujiendeshe.

Mama Wawili: Niliwasha. Nikajiona kama yule bosi wa Fundi aliyeko Dar.

Fundi Msafi: Tofauti yake, wewe hudaiwi.

Mangi wa Pasua: Chalii bado hajajibu kazika nini Sakina.

Chalii wa Sakina: Mangi acha mambo ya makaburi, we mtu vipi? Babu yangu yuko Kondoa, na siendi kumjengea jumba popo walale. Na kwa taarifa yako kiwanja ninacho, Ngaramtoni. Msingi umeshakamilika.

Mzee wa Pad: Kumbe!

Mangi wa Pasua: Hongera, mwanangu. Misumari umeshapata?

Chalii wa Sakina: 😒

Fundi Msafi: Chalii, ukifika kwenye linta nitafute.