Mbwa wangu damu haikatiki, daktari kaona uvimbe. Naombeni ushauri

Binti_Pasua: Wakuu salaam. Nipo Moshi, nina jike la German Shepherd, miaka saba. Akipata joto huwa anamaliza ndani ya wiki tatu. Safari hii damu imegoma kukata, uke umevimba, manyoya ya ubavuni yanapukutika. Daktari wa mifugo kapiga altrasaundi, kaona uvimbe nyuma ya figo ya kushoto. Anahisi ni ovari (kifuko cha mayai), anataka kutoa kizazi chote. Hakuna njia ya kujua kama ni saratani bila kupasua?

Mangi wa Kiborloni: Huyo anataka dume tu. Wangu alisumbua hivyohivyo, akaja koko wa jirani, kwisha habari. Mtoto wake mmoja yuko Himo, analinda gereji, mkali huyo!

Mama Neema: Watu wanakosa nauli ya kwenda hospitali ya KCMC, wewe unapigia mbwa altrasaundi. Tumwogope Mungu.

Bwana Mifugo: Dada, dalili zako zinafanana na uvimbe unaomwaga homoni ya kike. Unaweza kuwa wa chembe za granulosa (zile zinazozunguka yai ndani ya ovari), ambao mara nyingi hausambai lakini mwingine husambaa, au tekoma, ambayo ni adimu na haina ubaya. Altrasaundi haitenganishi. Eksirei ikionyesha meno au mfupa ndani ya uvimbe, tutafikiria teratoma, uvimbe unaoota vitu kama hivyo. Usikubali uvimbe uchomwe sindano kuchukua sampuli, ukivuja chembe zinaweza kuota tumboni. Unatolewa mzima, unatiwa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi), maabara inausoma. Kwanza apigwe picha ya kifua na apimwe damu, maana homoni hiyo ikizidi inaweza kuua uboho, unaotengeneza damu. Alishachomwa sindano ya kuzuia mimba?

Binti_Pasua: Hiyo inahusiana nini na uvimbe?

Bwana Mifugo: Jibu kwanza.

Binti_Pasua: Alichomwa ile ya akina mama, akiwa kwenye joto hilihili. Mtaa mzima madume, mlitaka nifanyeje? Na kizazi sitoi. Mtu wa Machame ameshanilipa kianzio cha watoto wawili.

Chaliifrancis: Hii chai. Juzi kwenye uzi wa panya ulisema unafuga paka. Leo mbwa, kesho twiga. Weka picha.

Binti_Pasua: Paka ni wa dada yangu, tunaishi naye. Karatasi ya altrasaundi ninayo mkononi: sentimita sita, vifuko vya majimaji ndani. Ningetunga hayo ili nipate nini?

Mangi wa Kiborloni: Chalii muache dada wa watu. Huyo wa Machame anatoa kianzio bei gani? Ninao wengine.

Bwana Mifugo: Mimi namwamini. Dada, sindano ile ikikuta mbwa yuko kwenye joto, kizazi kinaweza kujaa usaha, uvimbe uwepo usiwepo. Mrudishie mtu hela yake. Mbwa anakula? Maji anakunywaje?

Binti_Pasua: Chakula tangu jana hataki. Maji anamaliza beseni, najaza tena.

Bwana Mifugo: Mpigie daktari sasa hivi, mwambie na habari ya sindano. Usisubiri kesho.